Gurudumu Lililokunywa Mafuta ya Kitani

Kito alilisukuma toroli, toroli likagoma.

Alidhani kuna jiwe. Akainama, akachungulia chini ya gurudumu, akaona mabua ya ngano tu. Akasukuma tena, safari hii kwa tumbo, na tumbo la Kito si tumbo la kuchezea. Toroli likatoa mlio kama wa ng'ombe aliyeonyeshwa sindano, likaburuzika kidogo, na gurudumu lenyewe likabaki vile vile, halikugeuka hata upana wa kidole.

"Baba, kuna nini?"

"Hakuna kitu, mwanangu. Nalipasha misuli."

Binti yake Lejna alikuwa amesimama nyuma yake na kilemba cha sherehe kipana kama mbawa za korongo, sketi juu ya sketi juu ya sketi, na mkononi ndoo iliyofunikwa kitambaa. Ndani ya ndoo chura alikuwa akigonga kama mtu aliyefungiwa chooni. Bendi ya matarumbeta ilikuwa imeshaanza. Shamba zima lilinuka soseji na bia na majani makavu, na wasichana wengine walikuwa wanajipanga kwenye mstari na matoroli yao, wakicheka kwa ile sauti ya juu ya watu wenye wasiwasi.

"Mbona jasho linakutoka?" Lejna aliuliza.

"Agosti hii, mama. Wewe hulioni jua?"

Kito alikuwa anaomba kimoyomoyo. Kijijini kwao, huko Lusatia ya Chini ambako Mto Spree unajimwaga kwenye vijito vingi mpaka wenyewe husahau upi ndio mto, mavuno hayajaisha mpaka wasichana wakimbize vyura. Kila mmoja na toroli la mbao la nyumbani kwao, na juu ya toroli ubao mtupu usio na kingo, na juu ya ubao chura. Unatoka mwisho huu wa shamba lililovunwa mpaka mwisho ule. Chura akiruka, mkamate, mrudishe, endelea. Wa kwanza kufika na chura wake juu ya ubao anavikwa taji la masuke, na ngoma haianzi mpaka yeye aianze.

Nyanya yake Lejna alilivaa taji hilo. Mama yake alilivaa. Picha zao ziko sebuleni ukutani, na pembeni yake kuna msumari mtupu ambao nyanya mtu aliugongelea siku Lejna alipozaliwa, kabla hata mtoto hajapewa jina. Lejna sasa amekimbia tangu shule, na kila mwaka chura wake anamwaibisha. Kuna mmoja aliruka mpaka kwenye glasi ya mchungaji. Na wanaoruhusiwa kukimbia ni wasichana ambao hawajaolewa tu, na Lejna harusi yake ni mwezi wa kumi, na Fryco, yule anayepuliza tarumbeta kubwa la kujizungushia mwilini. Kwa hiyo ni leo au basi tena.

Ndiyo maana Kito alikuwa amelishughulikia toroli lile kama bibi harusi.

Na hapo ndipo ilipoanzia shida.

Kito ana kinu cha kukamulia mafuta ya mbegu za kitani, kama baba yake, na babu yake. Nyumbani kwake mafuta ya kitani ndiyo wenye nyumba, watu ni wapangaji. Viazi vinachemshwa na maganda, vinawekewa jibini laini, katikati ya jibini unachimba kisima kwa kijiko, kisima unakijaza mafuta ya manjano yenye harufu ya karanga mbichi, na hicho ndicho chakula, ukitaka kingine nenda kwa jirani. Sakafu inapakwa mafuta ya kitani. Viatu vya mbao vinapakwa. Ukivunja kioo, Kito anakanda chaki na mafuta ya kitani, inakuwa puti, kioo kinarudi mahali pake. Mashua bapa ya kuendea shambani inanyweshwa mafuta kila masika kama mtoto anayenyweshwa dawa. Farasi akikohoa, mafuta. Kito mwenyewe akikohoa, mafuta yale yale kutoka chupa ile ile, na mkewe Mina hujiuliza kwa sauti ni nani kati yao aliyeanza kuinywea mdomoni.

Kitu kimoja tu hakipakwi. Kitu kinachozunguka. Bawaba za mlango, mnyororo wa baiskeli, ekseli, hapana, hapana, hapana. Maana mafuta ya kitani si kama mafuta mengine, hayatulii. Yakipata hewa na jua yanashika ngozi juu, kisha yanakuwa gundi, kisha yanakuwa kitu kigumu hujui ukiite nini. Kwa mbao ni neema. Kwa ekseli ni msiba. Watoto wa kijiji hiki wanafundishwa hilo kabla ya kufundishwa kuhesabu, na anayewafundisha ni Kito.

Sasa basi. Wiki mbili kabla ya sherehe alilikwangua toroli mpaka likawa jeupe, akapaka mafuta ya kupikwa, yale yanayokauka upesi. Kazi hiyo ina adabu yake: unapaka kidogo, unaacha mbao inywe, kisha unafuta kila tone lililobaki, na kitambaa unakianika kwenye kamba, kwa sababu ukikikunja na kukitupa pembeni kinaweza kujiwasha moto chenyewe. Mara ya kwanza akafanya hivyo. Mara ya pili vile vile. Ubao ukaanza kung'aa kama asali. Kito akasimama mbali, akatazama, akapiga mluzi. Akasema moyoni, moja ya mwisho, ya mapenzi. Akamimina badala ya kupaka. Kisha jirani akaita kutoka mtoni kwamba samaki aina ya mkunga, mkubwa kama mguu wa mtu, amenasa kwenye wavu, Kito akakimbia kwenda kuona, akaona, akasifu, akala, akalala.

Hakufuta.

Na toroli alikuwa ameliegemeza kwenye ukuta wa kusini, limesimama kwa pua, gurudumu chini. Mafuta yakashuka taratibu kwenye mihimili, yakaingia kwenye kitovu cha gurudumu, yakakaa humo. Jua likamaliza kazi. Leo asubuhi Kito alilifunika blanketi, akalibeba kwa heshima kwenye trela mpaka shambani, wala gurudumu halikugusa ardhi.

Mpaka sasa.

"Sogea." Huyo alikuwa Rejza, mama yake Kito, mfupi, mdomo mrefu. Alikwangua kitovu cha gurudumu kwa ukucha, akanusa ukucha, akaulamba. Akamgeukia mwanawe. "Ya kupikwa haya."

"Mama, tafadhali. Sauti."

"Mimi nanong'ona."

"Unanong'ona mpaka ng'ambo wanasikia."

"Kito. Mwanangu wa kunizaa. Mwenye kinu. Umetia mafuta ya kitani kwenye ekseli?"

Na bahati mbaya Wylem, mkuu wa zimamoto ambaye ndiye mwamuzi wa mashindano, alikuwa amesimama pale pale na kipaza sauti mkononi, amesahau kukizima. KWENYE EKSELI, spika zikasema upande huu wa shamba. KWENYE EKSELI, zikaitika za upande ule.

Shamba zima likacheka. Watu waliegemeana. Mzee mmoja alilazimika kukalishwa. Bendi yenyewe ilipotea njia katikati ya wimbo.

"Jamani, mwenye kinu!" mtu akapiga kelele. "Kesho tia na kwenye saa ya kanisa, tusizeeke!"

Kito hakuwasikia vizuri. Alikuwa anamtazama Lejna. Lejna hakucheka wala hakulia. Aliweka ndoo chini, akakigusa kitovu cha gurudumu kwa kidole kimoja, kama mtu anayegusa sufuria kujua kama ni ya moto.

"Linafunguka?" aliuliza.

"Linafunguka," Kito alisema upesi mno. "Nipe dakika. Wylem! Ndugu yangu! Dakika!"

"Nikupe dakika ngapi? Watu wana kiu."

"Mpaka bendi imalize wimbo."

"Haya. Wimbo huu, kisha filimbi. Na usiniambie utaleta toroli la mtu mwingine. Toroli ni la nyumbani kwako."

Kito alikimbia. Mkewe Mina alikuwa kwenye meza ya mikate, anawakatia watu mkate wa moto na kuuchovya kwenye mafuta mapya ya kitani na sukari, foleni mpaka barabarani.

"Mina, mafuta ya nguruwe. Bakuli zima."

"Nimesikia kwenye spika." Mina hakuinua macho. "Kama mwanangu hatakimbia leo, Kito, wewe utalala kwenye hilo toroli mpaka harusi."

"Bakuli, mke wangu."

"Chukua. Na kijiko rudisha."

Akarudi mbio, mafuta yamemtapakaa mpaka kwenye nyusi. Akapaka kila upande wa kitovu. Akaazima nyundo ya waliofunga mahema, akagonga, Rejza anamwelekeza juu ya bega: "Si hapo. Hapo. Si hivyo. Hivyo. Lete mimi." Mafuta ya nguruwe yaliteleza juu ya ule ugumu wa manjano kama maji juu ya kioo, yakadondoka chini. Hayakuingia hata kidogo.

Wimbo ulikuwa unakaribia mwisho. Ukafika mwisho. Na pale pale, kwenye pumzi ya mwisho, lile tarumbeta kubwa likaanza upya, bum-pa, bum-pa, peke yake. Wapigaji wengine wakamtazama Fryco. Fryco macho mbele, mashavu yamevimba, bum-pa, bum-pa. Basi wakamfuata, watafanyaje.

"Huyo mkwe," Rejza alisema, "namkubali leo."

Waliurudia wimbo ule mpaka mpiga ngoma akaanza kuomba kwa macho. Kito aligonga, akasukuma, akalitukana toroli, akalibembeleza. Maryka, msichana aliyeshinda mwaka jana, mwenye miguu mirefu na toroli jepesi kama kikapu, alikuja kuchungulia.

"Lejna, shoga, nikuazimie nanga kabisa uongezee?"

"Wewe mshike chura wako," Lejna alimjibu. "Yule anakutazama vibaya."

Lakini Maryka naye alipoona lile gurudumu kwa karibu, uso ulimlegea. "Pole," alisema, na alimaanisha.

Filimbi ya Wylem ililia. Fryco alikuwa amekwisha, uso mwekundu kama tango la kuchachusha lililokosea rangi. Bendi ikanyamaza.

Kito alikaa chini kwenye mabua. Mikono yake ilikuwa inang'aa mafuta, nyundo imemteleza. Alikuwa amemharibia mtoto siku kwa kumpenda kupita kiasi.

"Baba, simama, unaniziba," Lejna alisema.

Alishika vishikio, akasukuma kwa nguvu zake zote. Pua ya toroli ikazama, ikalima mtaro. Hapana. Akaachia. Akasimama, mikono kiunoni, anafikiri, kilemba kinapepea. Kisha akazunguka, akainua vishikio tena, na badala ya kusukuma, akavuta. Akarudi kinyumenyume, uso kwenye toroli, kama mtu anayemtoa ndama mlangoni.

Toroli likaja.

Likaja polepole, lakini likaja laini, limelala juu ya mabua makavu, linateleza kama sanduku juu ya barafu. Halikurukaruka, halikutikisika. Lejna akavuta tena kidogo. Akaviweka chini vile vishikio na kumtazama baba yake, na Kito akaona macho yake yamewaka.

"Baba. Halitikisiki."

Kito akasimama upesi mpaka magoti yakapiga kelele. "Halitikisiki!"

"Eti nini?" Rejza aliuliza.

"Mama, gurudumu likizunguka linaruka kwenye mabua, chura anashtuka. Hili haliruki! Linaburuzika!"

"Ala!" Rejza akapiga makofi. "Basi mnasubiri nini?"

Wylem alikuwa anakuja, kipaza sauti mbele. "Hapana, hapana, hapana. Kuvuta hakuna. Toroli linasukumwa."

"Nani kasema?" Rejza akamkabili. Alimfikia kifuani.

"Imekuwa hivyo siku zote, Bi Rejza."

"Siku zote gurudumu lilikuwa linazunguka. Wewe mchezo huu unauitaje?"

"Kumpeleka chura kwa toroli."

"Kumpeleka. Haya. Mwanangu huyu hunipeleka kanisani. Siku nyingine ananisukuma, siku nyingine ananivuta, juzi alinibeba mgongoni kwa sababu ya tope. Kuna siku umesema sikupelekwa?"

Watu wakaangua kicheko. "Avute! Avute!" wakaanza upande wa bia, na upesi shamba zima. Wylem akawatazama, akakuna shingo. Akaupiga ubao kwa kiganja kuhakikisha hakuna gundi, maana zamani kuna binti wa ng'ambo alipaka asali. Ubao ulikuwa mkavu, unang'aa kuliko vioo vya kanisa.

"Avute," alisema kwenye kipaza sauti. "Kwani atafika leo? Na mtu mwingine asiguse toroli. Hata kidole, Kito. Hata tumbo."

Filimbi.

Maryka aliondoka kama mshale. Wengine nyuma yake, sketi zimekunjwa kiunoni, toroli mikononi, magurudumu yanaruka juu ya mabua, na hazikupita pumzi chache vyura wakaanza. Mmoja kulia. Mmoja kushoto. Mmoja aliruka nyuma, akamwangukia mwenyewe shingoni, na ule ukelele ulisikika mpaka kinuni. Wasichana walitambaa, vilemba viliinama na kuinuka kama kundi la korongo linalokula. Watu walikuwa wamepanda juu ya mabenchi.

Na Lejna, wa mwisho kabisa, anakuja kinyumenyume.

Chura wake alikuwa mkubwa, wa kijani, mwenye uso wa karani ambaye ofisi imefungwa. Alikaa katikati ya ubao. Toroli lilikuja ssss, ssss juu ya mabua, na yeye akakaa. Lejna aliinama akimtazama usoni.

"Tulia, bwana mkubwa," alimwambia. "Tulia hivyo hivyo. Uko nyumbani. Nitakutafutia nzi mnono."

Ila mtu anayerudi nyuma haoni aendako. Akaanza kupinda kuelekea kwenye meza ya soseji.

"Kushoto!" Kito alikuwa anakimbia kando yake, anahema, mikono juu ili Wylem aione kwamba haigusi kitu.

"Kushoto kwa nani?"

"Kwangu! Kwako! Kulia kwako!"

"Baba, amua!"

"Upande wa kanisa!"

"Kanisa silioni!"

"Upande wa mama yako!"

Hilo alilielewa, maana sauti ya Mina ilikuwa inasikika. Akanyooka. Akampita msichana aliyekuwa amelala kifudifudi na mkono ndani ya shimo la panya. Akawapita wawili waliokuwa wanagombea chura mmoja, kila mmoja akiapa ni wake. Shamba likaanza kuelewa kinachotokea. Kicheko kikageuka, kikawa kelele nyingine, ile inayotoka tumboni. "Le-jna! Le-jna!" Na juu ya kelele hiyo tarumbeta kubwa, Fryco hakuweza kujizuia, bum, bum, kila hatua yake.

Mbele alibaki Maryka peke yake. Alikuwa karibu na kamba ya mwisho, anakimbia vizuri, chura wake ameganda kwenye ubao. Gurudumu lake likapiga kisiki cha bua, toroli likaruka, na chura akaenda. Aliruka kama aliyelipiwa nauli. Akatua chini ya benchi la wazee, na wazee wakaanza kuinua miguu na kumwaga bia.

"Sasa, mwanangu! Sasa!" Kito alipiga kelele. "Vuta! Moja kwa moja! Uko karibu!"

Lejna akavuta. Jasho lilimchirizika mpaka kidevuni. Ssss, ssss. Kamba ilikuwa pale nyuma yake, mtu mrefu angelala angeigusa.

Toroli likasimama. Gurudumu lilikuwa limenasa kwenye kichuguu cha fuko.

Lejna akavuta. Likagoma. Akavuta tena, na safari hii ubao ukatingishika, na koo la chura likaanza kupiga haraka, miguu yake ya nyuma ikajikusanya.

"Baba," alisema kwa sauti ndogo, hathubutu kusogea. "Anataka kuondoka."

Kito alikwishajitupa chini. Alianguka kifudifudi nyuma ya toroli, tumbo lote, akaanza kuchimba kile kichuguu kwa mikono miwili kama mbwa. Wylem akajitupa kando yake, shavu kwenye mabua, kipaza sauti mdomoni: "Anachimba! Hajagusa! Anachimba udongo! Kito, kidole! Kidole hicho! Hajagusa!" Udongo uliruka nyuma ukamjaza Wylem masharubu. Huko kwenye mabenchi Maryka alitokea chini ya wazee, bia inamdondoka kwenye kilemba, chura mkononi, akakimbilia toroli lake.

"Vuta sasa!" Kito alisema na mdomo umejaa mchanga. "Vuta, mama, vuta!"

Lejna akavuta kwa mwili mzima. Gurudumu likachomoka kwenye kichuguu, toroli likateleza kwa kasi ambayo hakuitegemea, akajikwaa kwenye sketi zake, akaanguka chali juu ya kamba na kuvuka upande wa pili, vishikio bado mkononi. Toroli likamfuata, ubao wote ukavuka, na chura, ambaye subira yake ilikuwa imefika mwisho, akaruka juu, akatua kwenye kifua cha bibi harusi na kumtazama.

Watu wa karibu wakainamia kamba.

"Aliruka kabla!" mtu mmoja akasema.

"Baada!" wengine wakasema.

Wylem alikuwa bado amelala chini, anatema udongo, hakuwa ameona kitu. Watu wakaanza kusukumana. Kito alikuwa amepiga magoti, anamtazama huyu na yule.

"Alikuwa juu." Sauti hiyo ilikuwa ya Maryka. Alikuwa amesimama nyuma ya kamba na toroli lake, chura wake ameshikwa kwa mikono miwili. Kifua kilikuwa kinampanda na kushuka. "Nilikuwa namtazama. Ubao ulivuka naye yuko juu. Kisha akaruka. Natamani niseme vingine, jamani, lakini ndivyo ilivyokuwa."

Hapo ndipo kelele ilipolipuka. Kofia zilienda juu. Mina aliacha foleni ya mikate, akaja anakimbia na kisu cha mkate mkononi, watu wakampisha haraka sana. Fryco alijaribu kukimbia bila kuvua tarumbeta, akanasa kwenye kamba ya hema. Rejza alikuwa anambusu kila mtu aliyekaribia, hata watu aliokuwa hasemi nao tangu majira ya baridi. Na Lejna amelala palepale kwenye mabua, chura kifuani, anacheka mpaka machozi yanaingia masikioni.

"Baba!" aliita. "Baba uko wapi?"

"Niko huku kwenye udongo."

"Njoo uniinue. Sasa unaruhusiwa kugusa."

Walimvika taji. Bendi ikapiga, na Lejna akaianza ngoma kama mtu aliyeisubiri maisha yake yote, kwanza na Fryco, kisha na Wylem mwenye masharubu ya udongo, kisha na yeyote aliyenyoosha mkono.

Jua lilipoanza kulegea Kito alikwenda kuchukua toroli lake. Trela watu walikuwa wameichukua kubebea mabenchi. Na toroli, bila shaka, halizunguki. Basi akaliinua, akalipachika mgongoni, vishikio juu ya mabega, gurudumu limeelekea mbinguni, akashika njia ya nyumbani. Kila aliyepishana naye alikuwa na la kusema. "Kito, toroli huwa linabeba mtu, si hivyo!" Kito alikuwa anacheka nao. Siku hiyo wangemwambia abebe na kinu angekibeba.

Kwenye daraja dogo la mbao alisikia miguu nyuma yake.

"Baba Lejna. Baba Lejna, subiri."

Alikuwa ni Maryka. Kilemba amekivua, nywele bado zinanuka bia. Akatembea kando yake, macho kwenye lile gurudumu.

"Hayo mafuta," alisema hatimaye. "Ni ya kupikwa, eti?"

"Ya kupikwa."

"Ulipaka mara ngapi?"

Kito akasimama. "Kwa nini unauliza?"

"Naongea tu."

"Huongei tu, wewe."

"Ukuta wenyewe ni wa kusini, au hata wa magharibi unafaa?"

"Binti, mimi nina mtoto wa kike anayeshindana na wewe."

"Mwaka kesho atakuwa ameolewa," Maryka alisema. "Mimi sina hata mchumba. Nitakuwa nakimbia mpaka nipate mvi."

Kito alifikiri. Akageuka na toroli lake lote, karibu ambwage msichana mtoni, kuangalia kama mama yake yuko karibu. Njia ilikuwa tupu. Kutoka shambani tarumbeta kubwa lilikuwa bado linapiga bum-pa.

"Njoo nalo Jumatatu," alisema. "Pita mlango wa nyuma. Mama yangu akikuuliza, sema umekuja kununua mafuta ya kulia viazi."